Jinsi ya kuandika kejeli dhidi ya vita dhalimu: mwongozo kamili kwa mfano wa Iraki 2003

Anayetaka kuwakejeli wakubwa walioanzisha vita huanza karibu kila mara na matusi. Anamwita rais mwendawazimu, anamchora na pembe, anamtungia hotuba ambayo hakuitoa. Wanaokubaliana naye wanacheka, wasiokubaliana naye wanapita zao, na mkejeliwa analala usingizi mnono. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kumkamata kiongozi kwa maneno yake mwenyewe, yenye tarehe, kisha kuyapanga mpaka yamuumbue. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Nimechagua vita vya Iraki, ambavyo Marekani na Uingereza zilivianzisha 2003 zikidai kwamba mtawala wa nchi hiyo, Saddam Hussein, ana silaha za maangamizi, kwa sababu ushahidi wake uko mezani. Hotuba zipo, nyaraka nyingi za siri zimefunguliwa, tume zimekaa na kutoa ripoti, na wahusika wakuu wamestaafu au wamefariki. Ukijifunzia hapo, utaweza kuifanya kazi hiyo hiyo kwa vita vinavyoendelea leo, ambavyo nyaraka zake bado zimefungiwa kabatini.

Hatua ya 1: Jua unamlenga nani

Yupo aliyeamua vita, yupo aliyetafuta sababu za kuvihalalisha, yupo aliyepewa tenda, na yupo aliyepiga makofi. Andika jina la kila mmoja na alichofanya, kwa mstari mmoja tu. Kwa Iraki orodha ingeanza na Rais George W. Bush, Makamu wake Dick Cheney, Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld, Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell na Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair. Halafu chagua mmoja kwa kila kipande. Kejeli inayowapiga watano kwa pamoja haimuumizi yeyote.

Mchukue Cheney. Alikuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya Halliburton kuanzia 1995 hadi 2000, akatoka hapo kwenda kuwa Makamu wa Rais. Mwaka 2003 kampuni tanzu ya Halliburton ilipewa kazi ya kukarabati visima vya mafuta vya Iraki bila kushindanishwa na yeyote. Ujanani, wakati wa vita vya Vietnam, Cheney aliahirishiwa kuandikishwa jeshini mara 5, na 1989 alimwambia mwandishi wa habari kwamba miaka ile alikuwa na vipaumbele vingine. Hapo hakuna kivumishi hata kimoja nilichoongeza, na hakihitajiki.

Wasiolengwa nao wajulikane mapema. Askari wa cheo cha chini aliyejiunga na jeshi ili apate ada ya chuo si mlengwa wako. Mwiraki aliyebomolewa nyumba hafai kuwa kichekesho hata kwa bahati mbaya. Sura ya mtu, matamshi yake na masikio yake viache: Bush alichorwa kama nyani kwa miaka, na nadhani michoro ile ilimsaidia, kwa sababu ilimfanya aonekane mjinga asiyejua alitendalo, ilhali mipango ya vita ilipangwa na watu wenye akili timamu, kwenye vikao vyenye muhtasari.

Kuna mtego mwingine hapa, na wengi wameingia. Kupinga vita si kumsafisha Saddam Hussein. Utawala wake uliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi ya sumu Machi 1988, maelfu kwa siku moja. Ukimruka, msomaji makini atakuacha papo hapo. Muingize kupitia mlango unaofaa: Desemba 1983 Rumsfeld, akiwa mjumbe maalumu wa Rais Reagan, alikwenda Baghdad akapeana mkono na Saddam huyo huyo mbele ya kamera. Picha ya video ipo. Weka tarehe mbili, 1983 na 2003, na mkono mmoja.

Hatua ya 2: Fungua daftari la safu tatu

Safu ya kwanza ni kauli, ya pili tarehe na mahali, ya tatu kilichotokea. Hili ndilo ghala lako. Hapa chini ni mfano wa ukurasa mmoja.

Septemba 2002, serikali ya Uingereza ilichapisha waraka uliosema baadhi ya silaha za maangamizi za Saddam zingeweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45. Kwenye safu ya tatu: kikosi cha uchunguzi kilichoundwa na Marekani yenyewe kilitoa ripoti yake 2004 bila kukuta maghala ya silaha hizo.

Mwezi huo huo Lawrence Lindsey, mshauri wa uchumi wa Bush, alikadiria kwamba vita vingegharimu dola bilioni 100 hadi 200. Mapema Desemba akaondolewa kazini. Mwishoni mwa mwezi huo mkuu wa bajeti wa Ikulu, Mitch Daniels, akaja na bilioni 50 hadi 60. Safu ya tatu: kufikia 2014, hesabu ya watafiti wa Bunge la Marekani ilikuwa imepita dola bilioni 800.

Tarehe 7 Februari 2003, kwenye kambi ya Aviano nchini Italia, Rumsfeld aliwaambia wanajeshi kwamba vita vingeweza kuchukua siku sita, au wiki sita, na kwamba alikuwa na shaka kama vingefika miezi sita. Safu ya tatu: msafara wa mwisho wa jeshi la Marekani ulivuka mpaka kuingia Kuwait Desemba 2011.

Tarehe 16 Machi 2003, siku chache kabla ya uvamizi, Cheney alisema kwenye televisheni kwamba wangepokelewa kama wakombozi. Tarehe 1 Mei, Bush alitua kwa ndege ya kijeshi juu ya manowari USS Abraham Lincoln, karibu na pwani ya California, akiwa amevaa suti ya rubani, akahutubia chini ya bango lililotangaza kwamba kazi imekamilika. Wanajeshi wa Marekani waliokufa Iraki walifikia karibu 4,500, na walio wengi mno kati yao walikufa baada ya bango hilo.

Kanuni ya daftari ni moja na haina msamaha: hakuna kauli inayoingia bila wewe kuiona au kuisikia mwenyewe kwenye video, kumbukumbu rasmi za Bunge, kumbukumbu za Ikulu au gazeti linaloaminika la siku ile. Kauli za kubuni anazosingiziwa Bush zimejaa mtandaoni, nyingine tamu kuliko za kweli. Ukitumia moja tu ya kubuni, wafuasi wake wataishika hiyo na kuzitupa zile ishirini za kweli. Hifadhi na nakala ya ukurasa, maana kurasa za serikali hupotea siku serikali inapobadilika.

Hatua ya 3: Tafuta ufa

Sasa soma daftari kwa kuvuka, kutoka kauli hadi matokeo, ukitafuta mahali pawili palipoachana. Palipoachana kidogo ni makosa ya kawaida ya kibinadamu, paache. Palipoachana sana, huku msemaji akiendelea kutabasamu, ndipo penye kejeli.

Nafasi nyingine zinakuja zimekwisha kupikwa. Februari 2003 Powell alikwenda Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kutetea vita, na tarehe 5 akanyanyua kichupa kidogo kuonyesha kiasi cha kimeta kinachoweza kuleta maafa. Nje ya ukumbi huo, mahali viongozi wanaposimama kuongea na waandishi, hutundikwa zulia la ukutani lililofumwa kwa kunakili mchoro wa Picasso juu ya Guernica, mji wa Hispania uliopigwa mabomu 1937: mama na mtoto aliyekufa, farasi anayelia. Siku zile zulia hilo lilifunikwa kwa pazia la buluu. Maafisa walieleza kwamba ni kwa ajili ya kamera za televisheni. Mwandishi wa kejeli aliyekuwa macho siku ile hakuwa na la kubuni, aliripoti pazia tu.

Nyufa nyingine zinachekesha ila hazina uzito. Machi 2003, kwa hasira dhidi ya Ufaransa iliyokataa vita, wabunge wawili wa Marekani, Bob Ney na Walter Jones, walifanya migahawa ya Baraza la Wawakilishi ibadilishe jina la chipsi, kwa kuwa jina lake la kawaida kule linataja Ufaransa. Zikawa chipsi za uhuru. Dunia nzima ilicheka, na nina hakika Ikulu nayo haikuumia hata kidogo, maana kicheko cha chipsi hakiulizi swali kuhusu vita. Lakini fuatilia safu ya tatu: Jones baadaye alijutia kura yake, akawaandikia barua familia za wanajeshi waliouawa, kwa maelfu. Kipande kinachoanzia kwenye chipsi na kuishia kwenye barua hizo ni kipande kingine kabisa.

Jihadhari pia na kicheko cha mkubwa mwenyewe. Tarehe 24 Machi 2004, kwenye chakula cha jioni na waandishi wa habari wa redio na televisheni jijini Washington, Bush alionyesha picha zake akichungulia pembeni na chini ya samani za ofisi yake, akitania kwamba zile silaha lazima ziko mahali fulani. Ukumbi ulicheka. Wakati huo mamia ya wanajeshi wake walikuwa wamekwisha kufa, na Wairaki kwa maelfu. Utani ule ulikuwa na muundo uleule wa kejeli ya wapinzani wake, neno kwa neno, isipokuwa ulikuwa unafanya kazi ya kusafisha. Kwa hiyo kila ukimaliza kipande jiulize: je, mlengwa wangu angeweza kukisoma mwenyewe jukwaani na kupigiwa makofi? Kama jibu ni ndiyo, kirudishe jikoni.

Hatua ya 4: Chagua umbo ambalo msomaji amelizoea

Kejeli hukaa vizuri ndani ya karatasi isiyo na makosa: tangazo la zabuni, risala kwa mgeni rasmi, tangazo la mali iliyopotea, barua ya kuomba likizo. Mwaka 2003 mfamasia mmoja wa Uingereza alitengeneza ukurasa wa intaneti unaofanana kabisa na ule ujumbe wa kompyuta kwamba ukurasa haupatikani, ila wake ulisema silaha za maangamizi hazipatikani, ukashauri nini cha kujaribu. Ulienea duniani kote, kwa sababu kila mtumiaji wa kompyuta alikuwa ameshakutana na ujumbe ule.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mimi ningechukua muhtasari wa kikao cha kamati ya harusi. Kila mtu mzima amewahi kukaa kwenye kikao hicho na anajua nani huahidi, nani hutoa na nani huomba jina lake lisisomwe. Na Marekani ilikuwa kweli na kamati: Machi 2003 ilitangaza orodha ya nchi 30 zinazoiunga mkono, ikaongeza kwamba zipo nyingine 15 zisizopenda kutajwa. Siku chache baadaye orodha ndefu zaidi ya Ikulu ilikuwa na Uganda na Rwanda, pamoja na Palau, Iceland na Visiwa vya Marshall, ambazo hazina jeshi. Tazama inavyoandikika:

*KAMATI YA MAANDALIZI YA SHUGHULI*
*Muhtasari wa kikao cha mwisho, Machi 2003*

*1. Kufungua kikao. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe 30 kwa kuitikia wito. Katibu alieleza kwamba wapo wajumbe wengine 15 walio nasi kwa hali na mali, ila wameomba majina yao yasisomwe.*

*2. Yatokanayo. Mjumbe wa Ufaransa aliuliza kama mzigo tunaoufuata umekwisha kuonekana. Mwenyekiti alisema hoja hiyo haimo kwenye ajenda. Kikao kiliazimia jina la Ufaransa liondolewe kwenye orodha ya vyakula.*

*3. Taarifa ya fedha. Mshauri aliyekadiria bilioni 100 hadi 200 anatakiwa kila la heri huko aendako. Makadirio mapya ni bilioni 50 hadi 60. Makofi.*

*4. Michango. Palau: haina jeshi, imechangia jina. Iceland: haina jeshi, imechangia jina. Uganda na Rwanda: zimechangia majina, na zimeomba risiti. Ethiopia na Eritrea, zilizomaliza vita vyao miaka mitatu iliyopita, zimekaa meza moja. Mwenyekiti alisema huo ni ushahidi tosha kwamba vita huleta amani.*

*5. Mapambo. Picha ya ukutani yenye mama anayelia imefunikwa kwa kitambaa cha buluu. Kamati ndogo imepongezwa kwa kuchagua rangi.*

*6. Muda wa shughuli. Siku sita au wiki sita. Mshereheshaji aelezwe kwamba miezi sita haitarajiwi.*

*7. Mengineyo. Mjumbe mmoja aliuliza nani atafanya usafi baada ya shughuli. Muda ulikuwa umekwisha.*

Sasa tukifumue. Vya kweli: 30 na 15, makadirio ya fedha na kuondoka kwa mshauri, Palau na Iceland, pazia, siku sita na wiki sita. Ethiopia na Eritrea zilipigana 1998 hadi 2000 na zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Vya kubuni: kikao chenyewe, makofi, risiti, kauli ya mwenyekiti, na Ufaransa kukaa kwenye kamati ambayo kwa hakika iliikataa. Nimebana pia siku kadhaa ziwe kikao kimoja. Kejeli inaruhusiwa kubana muda na kubuni ukumbi. Tarakimu hairuhusiwi kuzigusa.

Angalia pia nilichoacha nje. Ya Blair hayamo, wala ya mafuta, wala ya Halliburton. Nilikuwa nayo yote daftarini na mkono uliwasha. Lakini muhtasari wa kikao unaobeba kila kosa la vita unageuka hati ya mashtaka, na hati ya mashtaka haichekeshi. Hayo yana siku yao: la Halliburton, kwa mfano, linakaa vizuri zaidi kwenye tangazo la zabuni lenye mwombaji mmoja.

Hatua ya 5: Kaza uso

Msimulizi wa kejeli ni mtu anayeamini. Katibu wa kamati ile haoni ajabu yoyote, anaandika tu. Mara anapokonyeza jicho, mchezo umekwisha. Kwa hiyo pitia rasimu ufute kila “eti”, kila “kumbe”, kila alama ya mshangao na kila kikaragosi cha kucheka. Futa na sentensi inayoeleza utani. Kama msomaji hakuelewa bila maelezo, tatizo liko kwenye mstari wa juu yake.

Kisha msomee mtu kwa sauti, ikiwezekana asiyefuatilia siasa. Usimwangalie usoni, sikiliza pale anapouliza, “Hilo ni kweli?” Mahali anapouliza hivyo na jibu likawa ndiyo, umepata. Mahali anapocheka jambo la kubuni na kulipita la kweli bila kutikisika, punguza la kubuni.

Hatua ya 6: Amua mapema utafanya nini na wafu

Idadi ya raia wa Iraki waliouawa inabishaniwa kwa sababu njia za kuhesabu zinatofautiana, lakini hata hesabu za tahadhari, za vifo vilivyoandikwa kimoja kimoja, zilipita laki moja kabla Wamarekani hawajaondoka. Ukiziacha nje, kejeli yako inakuwa burudani. Ukizitania, umejiunga na ule ukumbi wa Washington. Njia ninayoipendelea ni kuziingiza zikiwa kavu, ndani ya umbo lilelile, bila msimulizi kubadilisha sauti: kwenye muhtasari, kwa mfano, kipengele cha “Waliotoa udhuru” chenye tarakimu na nukta. Mstari mmoja unatosha.

Na kuna nyakati ambapo kejeli haitoshi. Tarehe 14 Desemba 2008, kwenye mkutano wa waandishi wa habari mjini Baghdad, mwandishi Muntadhar al-Zaidi alimrushia Bush viatu vyake viwili, cha pili akisema ni kwa ajili ya wajane, mayatima na waliouawa Iraki. Bush aliinama vikampita, kisha akatania kuhusu saizi ya kiatu. Mtandao ulijaa michezo ya kompyuta ya kurusha viatu. Al-Zaidi alihukumiwa miaka 3, ikapunguzwa kuwa mmoja, akatoka jela Septemba 2009. Dunia ilikichukulia kitendo kile kama kichekesho, lakini yeye hakuwa anatania. Ukijikuta umekasirika kiasi kwamba uso haukazi tena, andika makala ya moja kwa moja, sema unachotaka kusema, na kejeli isubiri.

Hatua ya 7: Chapisha bila kujichongea

Kejeli nzuri hufanana na kitu halisi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu ataichukua picha ya skrini ya kipengele kimoja, aitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kesho yake ni “habari”. Andika neno KEJELI ndani ya picha yenyewe, karibu na maandishi, wala si kwenye maelezo ya chini yanayokatika. Usitumie nembo halisi ya serikali, wala karatasi yenye kichwa cha barua cha ofisi iliyopo. Usitengeneze sauti au video ya kiongozi kwa akili bandia, hata kama inachekesha kiasi gani: kesho atakapokamatwa na video ya kweli, atasema nayo ni ya kutengenezwa, na wewe utakuwa umempa hoja.

Sheria nazo zijue kabla ya kubonyeza kitufe. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, na zote zilitungwa zikiwa na vifungu kuhusu taarifa za uongo. Nchini Uganda, msomi na mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 Agosti 2019 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu Rais Museveni, akaachiwa Februari 2020 baada ya kushinda rufaa. Kumkejeli Bush ukiwa Dodoma ni rahisi. Ukimgeukia aliye karibu, mwoneshe wakili rasimu kwanza, na lile daftari la safu tatu liwe na nakala kwa mtu mwingine. Hapo safu ya pili inakuwa utetezi wako.

Picha unazopakia zifutiwe taarifa za mahali na kifaa. Usitaje vikosi viko wapi, wala usichapishe jina la mtu aliyekupa waraka, hata kwa fumbo, maana mafumbo hufumbuliwa.

Baada ya kuchapisha

Weka tarehe chini ya kila kipande na usifunge daftari. Uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraki, ulioongozwa na John Chilcot, ulianza 2009 na ripoti yake ilitoka tarehe 6 Julai 2016. Ndani yake kulikuwa na waraka ambao Blair alimwandikia Bush tarehe 28 Julai 2002, miezi minane kabla ya uvamizi, ukianza kwa kumwambia kwamba atakuwa naye, liwalo na liwe. Kwa miezi yote iliyofuata aliendelea kuwaambia wananchi wake kwamba uamuzi wa vita ulikuwa bado haujafanywa. Safu ya tatu ya Blair ilijazwa baada ya miaka 14. Ikikutokea hivyo, usiandike upya kutoka mwanzo: toa kipande cha zamani kama kilivyo, ongeza mstari mmoja wenye tarehe mpya, kirushe tena.